Kutu ya gari kuukuu haizibwi kwa fila

Ukitaka kujua hali halisi ya gari lako kuukuu, usianze na injini. Tafuta sumaku ndogo, hata ile iliyong'olewa katika spika ya redio iliyokufa, uifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole chini ya milango, kando ya madigadi na kwenye kona za buti. Panapovutwa kwa nguvu pana chuma. Inapoteleza na kukuangukia mkononi, ndugu msomaji, chini ya rangi hiyo inayong'aa hamna chuma. Kuna fila, lile rojo linalogandishwa kwa dawa na kusuguliwa kwa msasa, na nyuma ya fila aghalabu kuna gazeti lililosokotwa, kipande cha wavu, au hewa tupu.

Jaribio hili ni la manufaa popote, lakini huku mpakani mwa Kenya na Uganda lina maana ya pekee. Busia na Malaba ni miji ya magurudumu. Jina lenyewe la bodaboda, ambalo leo linatumiwa kutoka Mombasa hadi Kigali, linasimuliwa kuwa lilizaliwa hapa, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Kando ya barabara iendayo mpakani, pamoja na wauza mitumba na wabadilisha fedha, hutakosa kuona mwali wa buluu wa fundi wa jua kali akichomelea kitu: kiti cha baiskeli, lango la nyumba, trela la lori, au mlango wa gari ambalo lilikwisha kuwa mtu mzima kabla ya fundi mwenyewe kuzaliwa.

Maana magari ya zamani huku hayafi upesi. Chukua Peugeot 504. Kiwanda cha Ufaransa kiliizindua mwaka 1968, ikashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo gari la mwalimu mkuu, la daktari na la matatu za masafa marefu. Pikapu zake zilibeba magunia ya mahindi, mbuzi, majeneza na maharusi. Leo nafasi hiyo imeshikwa na Toyota Probox, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002, nayo sasa imeanza kuzeeka. Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8, na mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria ya kuyazuia yenye miaka 15 na zaidi. Lakini hicho ni kizuizi cha mlangoni tu. Gari likishaingia, hakuna anayeliuliza umri. Litatembea hadi injini imkatae mwenyewe, au hadi sakafu itoboke mtoto wa nyuma aanze kuona lami ikipita chini ya viatu vyake.

Na hapo ndipo penye neno. Wenye magari wengi huichukulia kutu kama suala la urembo. Wanaona aibu kwenda nayo kanisani au harusini, basi wanampelekea fundi wa rangi, naye anafanya alicholipwa kufanya. Ilhali gari dogo la kisasa, tofauti na lori, halina chesisi ya pekee iliyobeba bodi juu yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Vile visanduku virefu vilivyo chini ya milango, sakafu, na nguzo za kando ya milango ndivyo vinavyoshika viti, mikanda ya usalama na springi. Kikioza kisanduku kimoja, gari halijapoteza sura bali limevunjika mfupa, na kupaka rangi juu yake ni kumvalisha suti mtu aliyevunjika uti wa mgongo.

Uingereza, ambako mvua na chumvi ya barabarani huyatafuna magari bila huruma, wakaguzi wana kipimo rahisi ambacho hata wewe unaweza kukitumia nyumbani: kutu kubwa yoyote iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapofungwa mkanda, springi, usukani au breki huhesabiwa kuwa ya hatari, na dawa yake ni chuma kilichochomelewa, wala si fila. Chukua rula ya mtoto wa shule, ile ya sentimita 30. Weka ncha moja kwenye boliti ya mkanda wa kiti cha nyuma, uizungushe. Kila kinachoguswa na rula hiyo si mahali pa kufanyia mzaha.

Kikulacho ki ndani ya bodi

Kutu haianzii unapoiona. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa, na chumvi huiharakisha. Gari huoza kutoka ndani kwenda nje, pale maji yalipoingia yakakosa pa kutokea. Kila mlango una matundu madogo chini yake ya kutolea maji ya mvua yanayoteremka kando ya kioo. Tope jekundu la barabara za murramu likiziba matundu hayo, mlango unageuka kuwa mtungi. Hali kadhalika, tope hilo hujibanza juu ya magurudumu na kukaa na unyevu kwa wiki nzima hata jua likiwaka. Pikapu zinazoteremka kuchukua samaki kule ziwani, Osieko na Port Victoria, zina balaa lao la ziada: barafu inayeyuka, maji yanachuruzika chini ya mbao za karagani, na kitanda cha gari hakikauki mwaka mzima. Tena usisahau kuwa gari la mtumba kutoka Japani huenda liliishi upande wa kaskazini wenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Linakuja Mombasa likiwa limepakwa lami nyeusi chini, safi kama jipya, na ugonjwa wake limeuleta nao.

Basi baada ya sumaku, chukua bisibisi. Ingia chini ya gari (likiwa limewekwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake wala juu ya matofali), ugonge kwa mpini kila mahali. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Paliponyamaza, sukuma kwa ncha. Isiposimama, zungushia chaki. Inua zulia la ndani pia. Mara nyingi utakuta duara la chaki la ukubwa wa sarafu limekuwa la ukubwa wa sahani, kwa kuwa kutu hutanda chini ya rangi kama mchwa chini ya jamvi. Heri ujue mapema.

Je, kazi hii yaweza kufanyiwa nyumbani? Zamani ningejibu hapana. Fundi wa bodi alihitaji mitungi miwili ya gesi, au mashine nzito ya kuchomelea ambayo mafundi wengine walijisukia wenyewe waya zake za shaba, na ikiwashwa taa za mtaa mzima zilififia. Siku hizi mashine ndogo za kielektroniki, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkanda begani, zinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwa nguvu ndogo inayotakiwa na bati jembamba, soketi nzuri ya ampea 13 inatosha. Ndiyo maana vijana waliomaliza vyuo vya ufundi, na hata akina baba wenye subira, wameanza kujaribu uani kwao. Mimi siwakatazi. Ninalosema ni kwamba mashine kuwa rahisi hakukuifanya kazi kuwa rahisi.

Bati la gari lina unene wa karibu milimita moja, mara nyingi pungufu. Fimbo ya kuchomelea iliyozoeleka kwenye malango na madirisha, ile ya geji 10, italitoboa kabla hujapepesa jicho. Ukilazimika kutumia fimbo, tafuta ya milimita 2, na moto wa ampea 40 hadi 60, ufanye kwa nukta nukta. Iliyo bora zaidi ni mashine ya waya, ambamo waya mwembamba hutoka wenyewe kwenye tochi; wa milimita 0.6 ndio unaofaa bodi. Kuna jambo moja linalowachanganya wanaoanza. Ukitumia waya mtupu pamoja na gesi, tochi hufungwa upande wa chanya; ukitumia waya wenye dawa ndani yake, usiohitaji gesi, tochi hufungwa upande wa hasi. Wengi hurudisha mashine dukani wakidai ni mbovu, kumbe ni hapo tu.

Kabla ya cheche ya kwanza

Kwanza betri. Fungua waya wa hasi, kisha wa chanya, uiondoe kabisa garini. Kwa magari yenye mifuko ya hewa na kompyuta, kama hiyo Probox, usianze mara moja. Acha dakika kadhaa umeme uliobaki uishe. Ukija kuchomelea, klipu ya ardhi ifungwe karibu kabisa na unapochomelea, umeme usije ukapitia kwenye beringi za magurudumu.

Pili petroli. Ikiwa kazi iko nyuma ya gari, teremsha tangi zima na mabomba yake, uliweke mbali. Wala usidanganyike kuwa tangi tupu ni salama. Mvuke wa petroli ndio unaolipuka, na tangi tupu limejaa mvuke. Kwa sababu iyo hiyo, usikate pipa lililokuwa na mafuta au thina ili kupata kiraka. Bati la pipa ni zuri, lina unene wa takriban milimita moja na linapindika vyema, lakini pipa lililofungwa likiguswa na moto huwa bomu. Nunua kipande kilichokwisha kukatwa, au ukate mlango wa gari lililokufa. Kadhalika usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini halafu ukachomelea: moto wa welding huigeuza kuwa gesi ya sumu kali.

Tatu ni vitu vinavyoshika moto: viti, zulia, lami ya chini, sponji ya dari, na yale mafuta machafu ya injini ambayo wengi humwagia ndani ya visanduku ili kuzuia kutu. Toa vyote, kwangua vyote. Weka ndoo ya mchanga na kizima moto karibu, na uwe na mtu wa kutazama upande wa pili wa bati, maana wewe ukiwa ndani ya kofia ya chuma huoni kinachowaka. Ukimaliza, usiende kuoga. Kaa na gari saa nzima.

Sasa macho. Utawaona mafundi wengine wakichomelea kwa miwani ya jua. Miwani hiyo haizuii chochote cha maana. Tumia kofia yenye kioo cha namba 10 au 11, na mikono mirefu ya pamba nzito, kwani mwanga huo huunguza ngozi kama jua la mchana kutwa. Jicho lililopigwa na mwanga haliumi hapo hapo. Linangoja hadi usiku, kisha linauma kana kwamba limejazwa mchanga. Watu huweka vipande vya viazi mbichi. Viazi hupoza, basi, havitibu, na mtu akiumwa hivyo aende hospitali. Watoto ndio wa kuchungwa zaidi, kwa sababu mwali huo huwavuta kama nondo. Wakae ndani, pazia lifungwe, na nguo zianuliwe kambani.

Na kuhusu maziwa. Karibu kila fundi atakwambia kuwa pakiti ya maziwa husafisha moshi kifuani. Moshi huenda mapafuni, maziwa huenda tumboni; hayakutani. Ukichomelea mabati ya nyumba yaliyopakwa zinki, moshi mweupe wake hukuletea homa na mtetemeko jioni, unywe maziwa usinywe. Suguа zinki yote kwanza, au afadhali usitumie mabati hayo kabisa. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Fanyia kazi nje, upande unaotoka upepo, na uvae barakoa ya kuchuja moshi wa chuma, si kitambaa cha kawaida.

Kushona bati

Kata kutu yote. Neno ni yote. Hili ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa tundu linakua mbele ya macho yao na roho inawauma. Lakini moto haushiki kutu. Ukichomelea kiraka juu ya ukingo uliooza, mshono utalitoboa bati na utabaki ukilifukuza tundu hadi usiku. Kata kwa grainda hadi uone chuma kinachong'aa pande zote mbili, kisha ongeza sentimita moja au mbili. Ikiwa unakata kisanduku cha chini ya mlango, usikate chote kwa mkupuo. Milango iwe imefungwa, gari limeegemezwa sawasawa, na ufanye kipande kwa kipande. La sivyo gari litainama katikati na milango haitafunga tena maishani.

Usipime kwa macho. Chukua katoni ya unga au ya sabuni, ukate umbo la tundu, ulijaribu, ulikunje panapokunjwa, na ikikubali katoni ndipo uhamishie kwenye bati. Fundi cherehani hafanyi vingine. Na kama yeye, anza kwa kupiga bandi. Weka nukta moja juu, nyingine chini, nyingine kulia, nyingine kushoto, zikiwa na nafasi ya sentimita tatu hivi, ukigonga kwa nyundo ndogo ili kingo zilingane. Halafu jaza katikati ya nukta, ukirukaruka kutoka upande huu hadi ule, ukiacha chuma kipoe hadi uweze kukigusa. Anayevuta mshono mrefu kwa mara moja hupata bati lililokunjamana kama shati lililotoka kufuliwa. Kumwagia maji ili kuharakisha ni haraka isiyo na baraka: bati hujipinda, na umeingiza unyevu pale pale ulipotaka kuutoa.

Kiraka cha mapambo, tuseme cha madigadi, kikiwa kibaya hasara ni ya macho tu, na hapo ndipo pa kujifunzia. Jizoeze kwanza kwenye vipande vya boneti iliyotupwa, kisha uvigonge kwa nyundo na kuvikunja. Mshono ukiachana, hujawa tayari. Ukichanika bati lakini mshono ukabaki, umeanza kuelewa.

Lakini nguzo za milango, mahali pa springi, na kile chote kilichoguswa na rula yako, mpe fundi mwenye cheti. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana chuma cha namna ya pekee katika nguzo hizo, ambacho hupoteza ugumu kikipata moto usio na kipimo. Mwenye Land Rover ya zamani naye ajue kuwa sumaku itamchanganya: bodi yake ni ya alumini, na chesisi tu pamoja na sehemu chache ndizo za chuma. Anayechukua mashine yake ya chuma kuchomelea madigadi hayo atabaki na tundu lenye masizi.

Ukimpelekea fundi, Busia au kwingineko, usimwachie funguo ukaondoka hadi Jumamosi. Patana naye mapema kuwa utayaona mambo mawili kabla hayajafunikwa: tundu likiwa limekatwa, na kiraka kikiwa kimeshonwa bila fila. Simu yako ina kamera. Fundi mzuri hachukii kuonwa. Mimi nimeona wanaojivunia mshono wao kuliko rangi. Anayekwambia kuwa fila inatosha pale penye mkanda wa usalama, mshukuru, uondoke na gari lako.

Kazi haijaisha mshono ukipoa. Upande wa ndani rangi yote imeungua, na chuma kikiachwa uchi katika mvua za Machi hadi Mei, kutu itarudi kabla ya mavuno. Sugua, paka rangi ya kuzuia kutu yenye zinki siku iyo hiyo, ziba mshono kwa gundi ya bodi, kisha nyunyiza nta ndani ya kisanduku kupitia matundu yake. Fila sasa ndiyo inaruhusiwa, nyembamba, ya kulainisha tu. Ukipaka lami ya chini, chukua njiti ya kiberiti upitie kila tundu la kutolea maji, chini ya mlango mmoja baada ya mwingine, uhakikishe hukuliziba. Kisha mwagia mlango kikombe cha maji kupitia kwenye mpira wa kioo, uiname, uone yanatokea wapi.